Sayansi Ipewe Leni Yake, na Isiwe ya Rangi Tu

Wasee, leo nitasimama upande ambao hamkutarajia. Nasema hivi: wanasayansi wa Kenya watengewe leni yao kwenye intaneti. Sisemi bando ya bei rahisi, wala waifai ya bure kwa maprofesa. Nasema leni. Mtu akiwa na data kubwa ya utafiti ya kutuma, apewe kiasi fulani cha mtandao, kwa saa fulani, na kiwe chake mpaka amalize. Awe Nairobi, awe Kilifi, awe hapa kwetu Machakos. Iandikwe, ipimwe, na asiyeitimiza aulizwe.

Na anayesema haya ni mtu wa kontenti. Chakula changu kiko kwa video. Mtandao ukilegea, mimi ndiye wa kwanza kupiga nduru. Kwa hivyo msiniambie ati sijui uchungu wa kukodolea macho kile kiduara kikizunguka usiku kucha. Naujua sana. Lakini kila mara hii stori ikitajwa, vijana tunajibu kitu kimoja: "Ati wapewe? Na sisi je?" Hiyo "na sisi je" ndiyo nataka tuichambue leo, kwa sababu ndani yake kuna makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba mtandao unaokutosha wewe unamtosha kila mtu.

Video yako inahitaji nini? Megabiti 5 kwa sekunde na wewe uko sawa kabisa. Ikikatika kidogo, simu ilikuwa imeshahifadhi sekunde kadhaa za mbele, hata hujui. Meseji haihitaji hata hiyo. Maisha yetu ya mtandaoni ni vitu vidogo vidogo vingi, na intaneti ya kawaida imejengwa kwa ajili ya watu kama sisi: wengi, kila mmoja na kamzigo kake, wote tukisukumana kwa mlango mmoja. Inafanya kazi vizuri, na sina ugomvi nayo.

Sasa chukua mtu wa jenomu. Jenomu ya virusi vya korona ina herufi kama 30,000 hivi. Hiyo ni faili ndogo kuliko stika unayotuma WhatsApp. Lakini jenomu ya binadamu ina herufi bilioni 3, na mashine huzisoma mara nyingi, mara 30 kwa mfano, ndiyo makosa yaonekane. Mtu mmoja tu, data yake ghafi inaweza kufika gigabaiti 100. Watu kumi, terabaiti moja. Na hakuna utafiti wa maana wa watu kumi.

Hapo ndipo mchezo unabadilika, na nataka mnifuate pole pole kwa sababu hii ndiyo roho ya maneno yote.

Faili ikitumwa hukatwakatwa kuwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Upande wa pili hujibu, "nimepata hii, leta nyingine." Pakiti moja ikipotea njiani, kompyuta inayotuma hudhani barabara imejaa, kwa hivyo inapunguza kasi, hata kwa nusu, halafu inaanza tena kupanda mdogo mdogo. Kama unamtumia mtu aliye karibu, majibu yanarudi haraka na kasi inapanda tena mara moja. Kama unamtumia mtu aliye mbali, kila jibu linachelewa, na kasi inapanda kama lori la mchanga kwenye mlima.

Tuweke namba. Tuseme kutoka hapa hadi Ulaya na kurudi, ujumbe unachukua milisekunde 150. Tuseme inapotea pakiti moja tu kati ya kila 10,000. Moja! Kwa ile njia ya kawaida ambayo kompyuta zimetumia miaka mingi kutumiana faili, hesabu inatoka karibu megabiti 10 kwa sekunde. Hata kama faiba yenu inabeba gigabiti 10, wewe unapata megabiti 10. Ndiyo, kuna mbinu mpya za kupunguza hiyo hasara, na wataalamu huzitumia. Lakini pakiti zikipotea kwa foleni ya watu wengine, unapigana na dalili huku ugonjwa uko pale pale.

Kwa megabiti 10, terabaiti moja inachukua siku tisa na zaidi. Siku tisa mchana na usiku, na stima isipotee. Kwa leni safi ya gigabiti 1, terabaiti ile ile inachukua kama saa mbili na robo.

Ona sasa kejeli iliyoko hapo. Megabiti 10 ni tamu sana kwa video. Mwanafunzi aliye hosteli anatazama mechi bila shida, anasema "leo mtandao uko fiti." Chumba cha pili, kwa laini hiyo hiyo, mtafiti amekwama siku ya nne. Mtandao umekufa kwake na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote. Ndiyo maana hamjawahi kusikia kelele zao. Sisi tukiumia nchi nzima inajua ndani ya dakika tano. Wao wakiumia, tasnifu inachelewa mwaka mmoja na watu wanadhani ni uvivu.

Nina rafiki, dada wa masters katika chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Anafanya kazi ya picha za setilaiti, anaangalia mashamba ya Ukambani yanavyokauka na kurudi. Alikuwa akiamka saa tisa usiku kupakua picha kwa sababu ndizo saa ambazo hosteli zimelala. Saa kumi na mbili asubuhi watu wanaamka, faili inakatika, anaanza upya. Huyo si mvivu. Amenyimwa barabara tu.

Na msidhani ni mambo ya kubuni. Septemba 2009 kule Afrika Kusini, kampuni moja iliyochoshwa na laini yake ya intaneti ilimfunga njiwa kadi ya gigabaiti 4 mguuni. Njiwa huyo, anaitwa Winston, akaruka kilomita kama 80 kutoka Howick hadi karibu na Durban. Ukijumlisha kuruka na kuingiza data kwenye kompyuta, ilichukua kama saa mbili. Muda huo wote, laini ilikuwa imetuma asilimia 4 tu. Dunia ilicheka. Mimi nikiisoma hii stori sicheki sana, kwa sababu yule njiwa bado yuko kazini. Siku hizi anaitwa diski ndani ya begi la mtu anayepanda ndege.

Wengine mtasema, hata wazungu husafirisha diski. Kweli. Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi iliyotolewa Aprili 10, 2019 ilitokana na karibu petabaiti 5 za data, yaani terabaiti 5,000, na diski zake zilisafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani. Zile za Ncha ya Kusini zilingoja miezi mpaka majira ya baridi yaishe ndege zifike. Sawa. Petabaiti 5 zina haki ya kupanda ndege. Terabaiti moja kutoka Machakos haina sababu ya kupanda hata matatu.

Kosa la pili ni kufikiri kwamba wakipewa wao, umenyang'anywa wewe.

Kwanza, simu yako. Bando unayonunua inapita kwa kampuni ya simu. Leni ninayodai haiko huko. Nchi hii ina mtandao wa vyuo na watafiti, unaitwa KENET, ulianzishwa 1999. Hauuzi bando kwa raia. Unaunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti. KENET nayo ni mmoja wa waanzilishi wa UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao kama hiyo ya mashariki na kusini mwa Afrika, ulioanza 2005. Na kupitia mradi wa AfricaConnect, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2011, muungano huo umeunganishwa na mtandao wa watafiti wa Ulaya. Barabara kuu ipo, wasee. Wazee wetu wa mitandao waliijenga wakati wengi wetu tulikuwa bado tunavaa nepi. Shida iko kwa kilomita ya mwisho, kuanzia geti la chuo hadi meza ya mtafiti, na iko kwa kukosa ahadi.

Pili, leni ya data sio kama ukuta wa mawe. Kwenye mtandao unaweza kutenga kiasi kwa mtu, na asipokitumia kikarudi kwa wengine papo hapo. Wamarekani wamefanya hivi miaka mingi. Mtandao wao wa maabara za serikali za nishati, ESnet, una mfumo ambapo mtafiti anaweka nafasi mapema: natoka hapa, naenda pale, nataka kasi kiasi hiki, kuanzia saa hii hadi saa ile. Ni kama kukata tiketi ya SGR. Kiti ni chako kwa safari yako, ukishuka kinakaliwa na mwingine. Hakuna anayesema umenunua treni.

Tatu, kuna hiyo mambo ya geti la chuo. Trafiki yote ya chuo hupita kwenye ukuta mmoja wa usalama, kifaa kinachokagua kila pakiti, kama askari wa mlangoni anayepekua mabegi. Kwa vitu vidogo ni sawa. Faili ya terabaiti ikifika, askari analemewa, anaanza kudondosha pakiti. Na mmeona vile pakiti moja kati ya 10,000 inafanya. Suluhisho liko tayari, nalo pia lilitoka kwa hao hao wa ESnet: kompyuta za kutuma data za sayansi ziwekwe pembeni ya mtandao wa chuo, kwenye mlango wao, zenye ulinzi wao maalumu, zisipange foleni na barua pepe za ofisi na mechi za hosteli. Yaani mlango wa mizigo uwe kando na mlango wa watu. Kila supamaketi ya mjini Machakos inalijua hilo. Hujawahi kuona mtu akipitisha magunia ya sukari kwa keshia.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu sitaki mnidai baadaye. Kuna vyuo ambako mtasikia maumivu kidogo. Chuo kikiwa na njia nyembamba, kisha kikatenga sehemu yake saa mbili usiku, hosteli zitahisi. Hiyo ni kweli na asiwadanganye mtu. Jibu langu ni kwamba uhifadhi uwe wa kupanga, mizigo mikubwa ipite usiku wa manane bila mtu kulazimika kuamka, na wanafunzi nao wawekewe kiwango chao cha chini kisichoguswa. Ahadi iende pande zote mbili. Lakini ukiniuliza, kati ya mechi yako kutoka picha kali hadi picha ya kawaida kwa saa mbili, na utafiti wa mwaka mzima, kipi kivumilie? Mimi nimeshajibu.

"Basi si wanunue intaneti kubwa zaidi, kila mtu ashibe?" Nimeisikia hiyo. Wanunue, mimi sikatai. Lakini kumbuka Mei 12, 2024. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa. Siku hiyo "kubwa zaidi" yako inageuka "ndogo zaidi" ndani ya dakika moja, na swali linakuwa: hiki kidogo kilichobaki, nani anapita kwanza? Kama hakuna mpango, jibu ni yeyote mwenye nguvu ya kusukuma. Hapa Machakos tunajua mgao wa maji. Mji wenye akili hauamui siku mfereji umekauka kwamba hospitali ijaziwe tangi kwanza. Unaamua mapema.

Na hiyo siku haikuwa siku ya kawaida. Ilikuwa msimu ule ule wa mafuriko. Aprili na Mei 2024 watu zaidi ya 200 walikufa nchini. Hapa kaunti yetu, Mto Athi ulifurika, watu wa Athi River na Mlolongo wakaona maji yakiingia nyumbani. Sisemi intaneti ndiyo iliyoleta mvua. Nasema utabiri wa mvua ni data inayosafiri: picha za setilaiti, matokeo ya mifano ya kompyuta kutoka vituo vya dunia, vipimo vya mito. Pale Ngong kuna ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD kinachohudumia nchi 11. Utabiri ukichelewa kufika hauitwi utabiri tena. Unaitwa habari za jana. Sasa niambie, siku kebo imekatika na mto unapanda, hiyo data ipange foleni nyuma ya video yangu? Mimi mwenyewe nasema hapana.

Kosa la tatu, na ndilo kubwa, ni kufikiri kwamba haya hayakuhusu.

Data ikishindwa kusafiri, unajua nini hufanyika? Kazi inaifuata data mahali ilipo. Kama ni rahisi kupeleka diski Ulaya mara moja kuliko kutuma na kupokea kila siku, basi wachambuzi watakuwa Ulaya, seva zitakuwa Ulaya, na sisi tutabaki wa kutoa sampuli. Damu yetu, mate yetu, udongo wetu, mvua yetu, halafu ajira kwao. Mradi wa H3Africa, uliotangazwa 2010 na kufadhiliwa na Wamarekani na Wellcome ya Uingereza, ulifanya kazi nzuri sana ya kuwapa Waafrika uongozi wa utafiti wa jenomu zao. Naupongeza. Hata hivyo hifadhi rasmi ya data zake iko kwenye hazina ya Ulaya inayoendeshwa Uingereza na Uhispania. Mwanafunzi wa Machakos akitaka kusoma jenomu za Waafrika wenzake, anazipakua kutoka huko. Kwa laini gani? Ile ya siku tisa.

Na angalia tuko wapi sisi. Toka mjini, chukua njia ya Wote, unafika Katumani. Kituo cha utafiti cha KALRO. Mahindi ya Katumani yanayokomaa haraka kabla mvua haijakata, nyanya zetu walipanda, sisi tumekula muthokoi wake. Sayansi ya mbegu siku hizi ni jenomu na picha za angani. Sio daftari na rula peke yake. Rudi mjini, kuna Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake 2016. Shuka barabara ya Mombasa, pale Malili mpakani mwa Machakos na Makueni, kuna Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa na Rais Kibaki Januari 2013. Una kituo cha data cha taifa, na hapo hapo ndipo chuo cha KAIST kimepangiwa, kwa mkopo wa Korea Kusini ambao mimi na wewe tutalipa.

Mbegu, chuo, kituo cha data. Vyote ndani ya safari moja ya pikipiki. Kituo cha data bila njia ya uhakika ni ghala kubwa lisilo na barabara. Unaweza kulipaka rangi, kupiga picha, kukaribisha wageni. Gunia halitaingia.

Najua kuna msee makini pale nyuma ameinua mkono. Anasema: "Leo unatenga leni ya sayansi, kesho kampuni ya kubeti itasema nayo ni muhimu, keshokutwa mwenye pesa ndiye mwenye mtandao." Huyo nampa heshima yake, kwa sababu hiyo hofu ni ya kweli. Jibu liko hapa hapa kaunti yetu. Nairobi Expressway inaanzia Mlolongo. Ukiwa na pesa unapanda juu, huna unabaki chini kwenye jam. Hiyo ni leni ya mwenye pesa. Lakini chini pale kwenye jam, ambulensi ikipiga king'ora, hata matatu ya Kitengela inajibana ipite. Hiyo ni leni ya mzigo. Hakuna anayemuuliza dereva wa ambulensi amelipa ngapi. Tunaangalia amebeba nini.

Kwa hivyo sheria ya leni yangu iwe hivi. Haiuzwi. Inabaki ndani ya mtandao wa vyuo na utafiti. Anayeiomba aseme anabeba nini, kiasi gani, kwa muda gani. Muda ukiisha inarudi kwa wote. Na orodha ya waliopewa iwekwe wazi kila mwezi, ili siku jina la ajabu likiingia, sisi wenye kelele zetu tulione.

Na hapo kwa orodha ndipo napigia mstari. Mnakumbuka mistari myekundu ya Thika Road? Ile iliyochorwa ati ni ya mabasi ya kasi. Rangi ilipakwa, picha zikapigwa, na matatu zikaendelea kupita juu yake kama kawaida mpaka ikafifia. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa na hii leni. Watafanya uzinduzi, watakata utepe, wataandika "huduma ya hali ya juu kwa watafiti", na rafiki yangu ataendelea kuamka saa tisa usiku. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna programu inaitwa perfSONAR, ya bure, ambayo mitandao ya utafiti duniani kote hutumia kupima njia zao kutoka mwisho hadi mwisho, pamoja na pakiti zinazopotea. Iwekwe. Matokeo yaonekane na kila mtu. Ahadi ni deni, na deni lazima liwe na namba, la sivyo mdaiwa atakwambia alikuwa anatania.

Nadai kitu kimoja cha kuanzia, na si kikubwa. Chukua terabaiti moja ya data ya majaribio. Iweke kwenye kompyuta pale Katumani. Itume Chuo Kikuu cha Machakos. Kutoka hapo itume Konza. Kutoka Konza itume Kilifi, kwa watu wa KEMRI-Wellcome waliosoma jenomu za korona 2020 wakati nchi nzima imejifungia. Pima kila hatua, saa za mchana, siku ya wiki, hosteli zikiwa zimejaa. Kila hatua ikichukua chini ya saa tatu, mimi nitanyamaza na nitawapongeza hadharani. Ikichukua siku tisa, tujue ni geti lipi, kifaa kipi, ofisi ipi, na mwaka ujao turudie.

Na wewe uliye chuoni, acha kuuliza "na sisi je". Enda kwa ofisi ya teknolojia ya chuo chenu, kwa heshima, uulize maswali mawili tu. La kwanza: mtafiti hapa akitaka kutuma terabaiti moja leo, itachukua muda gani? La pili: nani ameahidi hivyo, na imeandikwa wapi? Wakikujibu kwa namba, mshukuru Mungu na uniletee, niitangaze. Wakikujibu "inategemea", basi umeshajua. Rudi na wenzako kumi, mkaulize tena.

Mimi video yangu inaweza kungoja. Leo usiku nitaipandisha saa nane, na hakuna mtu atakufa.